Je, Neno la Msasi Laaminika?



Katika darasa la Kipaimara la mwaka huu tulifika penye habari za Tabitha wa Yafa, yule mama aliyewashonea wajane nguo, ambaye kwa Kiyunani aliitwa Dorkasi. Binti mmoja wa miaka kumi na mitatu, mzaliwa wa mjini, akauliza maana ya jina hilo. Tukamwambia ni paa. Akauliza tena, "Na hapa Unguja paa bado wapo, Mwalimu?" Tukajibu upesi, kama wafanyavyo walimu waliozoea kujibu, "Paa wapo." Kisha tukaendelea na somo.

Usiku jibu lile lilitunyima usingizi. Halikuwa uongo, walakini lilimwacha mtoto akiamini jambo lisilo kweli, nasi tulijua hivyo tulipokuwa tukilisema. Ndipo tukaona afadhali kuandika habari hii, ambayo tumekaa nayo yapata miaka ishirini na mitano pasipo kuitamka mbele ya watu.

Watu wa mjini huita paa kila mnyama mdogo mwenye pembe atokaye kichakani. Wasasi, yaani wawindaji wa vijiji vya kusini na mashariki, hawachanganyi hivyo. Kwao yuko paa mwenyewe, mdogo, ambaye huweza kuishi hata katika vichaka vilivyokatwa vikachipua upya. Yuko chesi, naye mdogo. Na yuko paa nunga, mkubwa kuliko hao, ingawa hata yeye hazidi kilo kumi na mbili. Nunga ana rangi ya hudhurungi iliyo nyekundu, mkanda mweupe nyuma mapajani, na madoadoa meupe miguuni kama aliyekanyaga chokaa. Apenda msitu mkongwe wa maweni, ule uotao juu ya mawe ya matumbawe, wenye miti mirefu na kivuli. Huwafuata kima na ndege, akiokota chini maua, matunda na majani wanayoyaangusha wakila juu. Masikio yake ni makali mno. Mtu husikiwa kabla hajaona kitu. Ulimwenguni kote hapatikani ila kisiwani Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 1918 kwa jina la Dk. Aders, mtaalamu wa viumbe aliyeitumikia serikali ya Unguja zama za Waingereza, kana kwamba hadi siku hiyo mnyama alikuwa akitembea bila jina.

Kwa makisio ya mwaka 1983 nunga wa Unguja walikuwa kama 5,000. Kwa makisio ya mwaka 1999 walikuwa kama 640. Basi asemaye "paa wapo" aweza kusema kweli juu ya mnyama mmoja huku akimzika mwingine chini ya jina lile lile.

Swali tunalotaka kulitazama ni hili: mtu awindaye wanyama, asemapo kwamba wanyama wanapungua, tumwamini? Na tukimwamini, tuna wajibu gani kwake?

Kwa upande mmoja, hakuna ajuaye kama yeye. Mtaalamu huja mara moja baada ya miaka kadhaa, hutembea msituni kwa mstari ulionyooka, huhesabu wanyama aliowaona, nyayo na kinyesi, kisha hupiga hesabu ya wote. Ni kazi ya heshima wala hatuidharau. Lakini nayo ina mashimo yake. Katika milima ya Udzungwa, huko bara, watafiti walipopima vinasaba vya kinyesi cha wanyama wa jamii hii, walikuta kwamba kutambua kwa macho tu kinyesi ni cha mnyama gani kuna makosa mengi. Msasi yeye hupima kwa miguu yake na kwa njaa yake. Anajua alitoka saa ngapi, nyavu zilitegwa mara ngapi, mbwa walibweka wapi, na alirudi na nini. Kipimo chake ni jasho kwa kila mnyama, na kipimo hicho huanza kupanda miaka mingi kabla ya ripoti yoyote kuandikwa.

Kwa upande wa pili, ana sababu nyingi za kusema uongo. Akisema wamejaa, ataachiwa awinde. Akisema wamepungua, atawatupia lawama wakata kuni na wachoma makaa, au wageni wajao usiku na bunduki. Wachoma makaa nao, ukiwauliza, watakwambia ni wasasi. (Wote wawili wasema kweli, na hiyo ndiyo shida yenyewe.) Tena chombo humdanganya hata mwenye nacho. Aliyeacha nyavu akashika bunduki na tochi hupata kama alivyopata zamani, akadhani msitu haujabadilika, kumbe kilichobadilika ni mkono wake.

Sasa tuseme yetu. Mwaka 1983 tulikuwa bado kijana, tumetoka chuo cha ualimu juzi tu, tukapangiwa skuli ya kijiji kimoja cha kusini. Siku za kusi, mashua zisipotoka, kitoweo kilikuwa shida. Msasi mmoja, mtu wa miaka kama arobaini wakati ule, alikuwa akituletea mguu wa nunga uliofungwa katika majani ya mgomba. Yeye na wenzake waliwinda kwa nyavu na mbwa. Nyavu zilifungwa mitini, watu na mbwa wakafukuza kwa kelele kutoka upande wa pili, na mnyama aliponaswa alichinjwa akiwa hai, kwa jina la Mungu, kama dini yao itakavyo. Nyama iligawanywa palepale: mwenye nyavu sehemu yake, mwenye mbwa yake, wapiga kelele yao, wala mjane wa jirani hakusahauliwa. Sisi tulilipa fedha kidogo tukala kwa furaha, na hatukuuliza hata siku moja wamebaki wangapi. Isaka alimpenda Esau kwa sababu alikula mawindo yake. Hatusomi popote kwamba alimwuliza habari za porini.

Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1990, tukiwa katika skuli nyingine isiyo mbali na pale, uliitishwa mkutano juu ya msitu. Maofisa walikuja, nasi tukaombwa kuandika kumbukumbu za mkutano, maana mwalimu ndiye mwenye kalamu. Wasasi watatu wanne walisimama wakasema wanyama wamejaa tele. Kila mtu alijua kwamba wanaogopa kufungiwa. Kisha akasimama yule bwana wetu wa zamani, sasa mvi zimemwingia. Alisema hivi:

"Mimi nimeanza kuwinda na baba yangu. Tulikuwa tukitega asubuhi moja tukirudi na nunga wawili, watatu. Mwaka huu tumetoka siku tisa. Tumepata mmoja, naye alikuwa jike mwenye mimba. Tumemchinja. Nunga wanakwisha, jamani, na mimi ni mmoja wa wanaowamaliza."

Watu wakanyamaza. Nasi tukaandika: "Msasi mmoja alikiri kwamba mwaka huu ameua nunga jike mwenye mimba."

Sentensi ile haikuwa na kosa la sarufi wala la habari. Lakini siku tisa hatukuziandika. Habari za baba yake na nunga wawili, watatu, hatukuziandika. Neno "wanakwisha", ambalo ndilo lililomsimamisha, hatukuliandika. Katika yote aliyosema tulichagua lile linaloweza kumtia hatiani, tukaliwekea kitenzi cha mahakamani. Tungaliweza kuandika "alieleza". Tungaliweza kuandika "alishuhudia". Tulikuwa tukifundisha Kiswahili kwa miaka zaidi ya kumi na tano, hatuwezi kusingizia kwamba hatukujua tofauti.

Juma la tatu nyavu zake zilichukuliwa, akatozwa faini ambayo aliilipa kwa kuuza ng'ombe. Waliosema "wamejaa" hawakuguswa. Karatasi iliyosomwa ilikuwa ile tuliyoiandika sisi. Tuliandika kumbukumbu za mikutano mingine miwili baada ya huo, na katika yote miwili hakuna msasi aliyesema neno zaidi ya "wapo, alhamdulillahi".

Katika Kiswahili cha Kanisa twakiri imani yetu kila Jumapili, na mtu hukiri makosa yake pia. Neno ni moja. Lamfaa shahidi, lamfaa na mkosaji. Bwana yule alisimama kama shahidi, sisi tukamwandika kama mkosaji. Na ugumu wa jambo hili ni kwamba alikuwa vyote viwili. Nani angaliweza kutuambia habari za siku tisa, ila mtu aliyetembea siku tisa akiwa na nyavu begani?

Twamkumbuka Akani katika Kitabu cha Yoshua. Yoshua alimwita mwanangu, akamsihi ampe Bwana utukufu na aseme alilolifanya. Akani akasema yote, hata mahali alipozificha zile mali. Kisha akapigwa mawe katika bonde la Akori. Kwa miaka mingi tulilifundisha somo hilo kama onyo juu ya wizi, na ni onyo kweli. Tangu mkutano ule hulisoma tukiwa na swali jingine, ambalo hatulithubutu sana: baada ya siku ile, nani katika kambi nzima angefungua kinywa chake upesi? Hatusemi Yoshua alikosa. Lakini Kanisa letu, lilipoweka Kitubio, lilimfunga padre mdomo, na wazee waliofanya hivyo walikuwa wakijua jambo juu ya wanadamu.

Wako watakaotujibu: kumbe mwataka msasi asamehewe tu aende zake? Yule jike amekufa na mimba yake, wala huruma yenu haitamfufua. Hata Torati yamkataza mtu aliyekuta kiota kumchukua mama pamoja na makinda. Sharti mama aachwe aende. Hoja hii ni nzito, nasi twaikubali. Sheria haina budi kuwako, na Kitubio chenyewe chadai mtu akusudie kuacha. Mnyama aliyebaki mia chache hawezi kungoja sisi tumalize kuhurumiana.

Lakini na tuangalie ni nani aliyeadhibiwa siku ile. Aliyeua zaidi alirudi nyumbani na nyavu zake. Aliyesema kweli alirudi bila nyavu. Na sisi tuliokula? Nyumba yetu imepikiwa kwa makaa miaka arobaini. Lile gunia lililoletwa mlangoni lilitoka msitu gani? Chokaa iliyo kutani petu ilichomwa kwa kuni za wapi? Nunga hahitaji msasi ili afe. Ukimkatia msitu wake mkongwe atakwisha bila mbwa kubweka, na yule paa mdogo atabaki vichakani, watu wa mjini wakiendelea kusema paa wapo. Mla nyama, mnunua makaa na mjenga nyumba hatukuitwa kujieleza. Tuliketi mezani tumeshika kalamu.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba neno la msasi laaminika zaidi pale linapomgharimu mwenyewe. "Wamejaa" halimgharimu kitu. "Wamemalizwa na wachoma makaa" halimgharimu kitu. "Nimetoka siku tisa" lamgharimu heshima yake na pengine riziki yake. Na watu watakao kusikia maneno ya namna hiyo hawana budi kuigawana gharama, wasimwachie peke yake. Katika utaratibu hili si jambo gumu. Kijiji chaweza kukubaliana siku ambayo sheria itaanza kuuma, na kwamba yaliyosemwa mkutanoni juu ya miaka iliyopita hayatatumiwa kumtoza mtu faini. Chaweza kumweka msasi katika kamati kama mjuzi, si kama mtuhumiwa. Tangu miaka ya 1990 vijiji kadhaa vya kusini na mashariki vimefanya mapatano na serikali juu ya misitu yao, na mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa Hifadhi ya Taifa. Mapatano ni karatasi njema. Twajua lakini karatasi inavyoweza kuandikwa.

Kanuni yetu hii yafaa hata mbali na hapa. Mwaka 2010 kamera zilitegwa katika misitu ya Boni na Dodori, karibu na Lamu, na nunga wakaonekana huko wengi kuliko ilivyotazamiwa, hata hali ya mnyama huyu duniani ikahesabiwa upya kuwa si mbaya kama ilivyodhaniwa. Ni vigumu kuamini kwamba Waaweer, ambao watu wengine huwaita Waboni, waliohitaji msitu ule kwa asali na nyama tangu zama za babu zao, walingoja kamera iwaambie ni nani anayeishi humo. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tangu siku hiyo kumjua mnyama vizuri mno kulikuwa karibu na kujishitaki. Kwa upande mwingine twaweza kumtazama chui wa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 chui walisakwa na kuuawa kwa kampeni, na wataalamu waliowatafuta katika miaka ya 1990 hawakumpata hata mmoja. Walakini wanavijiji wengi wameendelea kusema yupo, wengine wakisema anafugwa na wachawi. Maneno hayo hayamgharimu asemaye. Twayasikiliza, lakini hatuyajengi nyumba.

Liko na neno "wengi", ambalo halina kipimo. Daniel Pauly, mtaalamu wa samaki, aliandika mwaka 1995 kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi hukichukua kile walichokikuta mwanzoni mwa kazi yao kuwa ndiyo bahari kamili, wakapima upungufu kuanzia hapo. Tumeliona jambo hilo vijijini bila kusoma. Kijana asema "jana tumeona wengi". Ukimwuliza wangapi, wawili. Kwake wawili ni wengi, wala hasemi uongo. Mzee akifa na siku zake tisa, wawili watakuwa ndio wengi wa kisiwa kizima.

Mwezi uliopita tulikwenda kijijini kumwona bwana yule. Sasa amepita miaka themanini, anakaa barazani, macho bado mazima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Leo umekuja na karatasi?"

Tukamwambia tumekuja bila karatasi. Tukamweleza tulichokiandika siku ile, neno kwa neno, na yale ambayo hatukuyaandika. Hakuwa amepata kuisoma. Alinyamaza muda mrefu, akichezea tasbihi. Kisha akauliza, "Siku tisa hukuziandika?" Tukasema hatukuziandika. "Basi walisikia nini?" akasema, si kwa hasira. Tukamwomba radhi. Akajibu kwamba yule ng'ombe alikuwa wa mkewe, na mkewe amekwisha kufariki, kwa hiyo radhi nyingine tukaombe huko.

Tulipokuwa tukinywa chai mjukuu wake akaingia kutoka maweni, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, akiwa na simu mkononi na furaha kubwa. Alikuwa amepiga picha. "Babu, nimemwona nunga!" Mzee akaishika simu mbali na uso, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Miguu haina doa," akasema. "Huyu paa. Paa wapo."

"Kwani kuna tofauti gani, babu?"

Mzee akamwambia aketi, akaanza kumweleza, kuanzia miguuni.